Maji, Gasketi na Fundi: Kwa Nini Basi la Zamani Lilivuja

Basi kuukuu likisimama kituoni na kuacha dimbwi la maji yenye kutu chini ya injini, hukumu ya watazamaji huwa moja: gari limechoka, na walioliunda hawakuijua kazi yao. Nusu ya kwanza ya hukumu hiyo inaweza kuwa kweli. Nusu ya pili inapingana na historia. Waliobuni injini za mabasi ya Uingereza kati ya miaka ya 1920 na 1960, injini ambazo jamaa zake zilikuja kuzoeleka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, walijua fika kwamba iko siku maji yatavuja. Kwa hiyo waliamua mapema yavuje wapi, yaonekane vipi, na fundi apafikie mahali hapo kwa njia gani. Ninachotetea hapa ni kwamba viungo vilivyovuja ndivyo vilivyoyapa mabasi hayo maisha marefu, kwa kuwa kila kiungo kinachoweza kuvuja ni kiungo kinachoweza kufunguliwa. Na jaribio kubwa la kukomesha uvujaji kwa kuviondoa viungo vyenyewe lilikwama kwa sababu lilimsahau mtu atakayeikarabati injini.

Tuyafuate kwanza maji yenyewe. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya joto linalobaki hubebwa na maji. Wota pampu huyasukuma kwenye bloku, yakazunguka kuta za silinda, yakapanda hadi kwenye silinda hedi kupitia matundu ya gasketi, yakapita themostati na mpira wa juu hadi kwenye rejeta, yakapoa na kurudi yalikotoka. Kila vyuma viwili vinapokutana katika mzunguko huo pana uwezekano wa kuvuja, na pagumu kuliko pote ni kwenye gasketi ya hedi. Kipande hicho chembamba hutakiwa kutenganisha vitu vitatu kwa wakati mmoja: moto wa silinda, maji na oili. Injini ikipata moto vyuma hutanuka, ikipoa husinyaa, tena si kwa kiasi kilekile kila mahali. Gasketi ikishindwa kuvumilia, maji huingia kwenye oili na kuigeuza rangi, au gesi ya moto huingia kwenye maji na rejeta ikaanza kutoa mapovu. Hapo ndipo fundi husema gasketi imeungua.

Njia ya kuliepuka tatizo hilo ilijulikana tangu mwanzo. Injini nyingi za miaka ya kwanza ya magari zilisubiwa silinda na hedi kwa pamoja, chuma kimoja kisicho na gasketi katikati, na bado W. O. Bentley alichagua njia hiyo kwa gari lake la lita 3 la mwaka 1919. Kwa upande mwingine, Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na hedi inayofunguliwa kwa bolti. Kila njia ilikuwa na gharama yake. Chuma kimoja hakiwezi kuunguza gasketi kisiyokuwa nayo, lakini valvu zikihitaji kusagwa, au masizi yakijaa juu ya pistoni, kuyafikia ni kazi kubwa. Hedi inayofunguka huleta hatari ya kuvuja, ila humwezesha fundi kuona ndani ya injini bila kuishusha kwenye gari. Kwa mwenye gari moja la fahari, kazi kubwa ya mara moja kwa miaka kadhaa ilivumilika. Kwa kampuni yenye mabasi mamia yanayotakiwa barabarani kila alfajiri haikuvumilika, na ndiyo maana hedi ya kufunguka na gasketi yake ya shaba na asbesto zikawa kawaida katika mabasi. Kampuni hizo zilikuwa zimeupima uvujaji na kuona kwamba unabebeka.

Ulibebeka kwa sababu nyuma ya kila injini palikuwa na taasisi ya kuikarabati, na mfano ulio wazi kabisa ni wa London. Kampuni ya London General Omnibus ilianza kulitumia basi la B-type mwaka 1910, linalohesabiwa kuwa basi la kwanza duniani kuundwa kwa wingi, na mwaka uliofuata ikaachana na mabasi yake ya kukokotwa na farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilifungua karakana kuu ya Chiswick, iliyopokea magari kwa zamu, ikayafumua na kuyajenga upya. Utaratibu huo ulifikia kilele na basi la RT, lenye injini ya lita 9.6 ya kampuni ya AEC, lililoingia barabarani mwaka 1939. Familia ya RT ilifikia karibu mabasi 7,000, na la mwisho likastaafu London tarehe 7 Aprili 1979. Vipuri vyake vilikusudiwa kubadilishana, hivi kwamba injini iliyotoka basi moja iliweza kufungwa kwenye lingine bila kuchongwa upya. Mpira uliopasuka au wota pampu iliyochoka ilibadilishwa usiku huohuo kwenye bohari. Tatizo likiwa la ndani, injini ilishushwa, nyingine iliyokwisha kukarabatiwa ikafungwa, basi likarudi kazini, na ile mbovu ikapelekwa mezani kwa mafundi waliokuwa na vipimo na muda wa kuifanyia kazi. Uvujaji ulikuwa jambo la ratiba, na ratiba hiyo ndiyo iliyolifanya basi lidumu.

Uamuzi wa mahali pa kuvuja unaonekana wazi ukiitazama wota pampu kwa karibu. Shafti yake inazunguka ikiwa na maji upande mmoja na beringi yenye grisi upande wa pili, na kati yao pana sili. Chini ya nafasi iliyopo kati ya sili na beringi, mtengenezaji hutoboa kitundu kidogo kuelekea nje. Sili ikianza kuchoka, maji hudondoka kupitia kitundu hicho kabla hayajafika kwenye beringi. Kitundu hakizuii kitu. Kazi yake ni kutoa habari, na dereva mwenye macho akiona tone hapo hujua kwamba bado ana siku za kuagiza spea kabla beringi haijajifunga na feni haijapiga rejeta. Asiyejua hukiziba, halafu hushangaa pampu inapokufa ghafla. Hakuna ushahidi ulio bayana kuliko huo kwamba wabunifu hawakuuona uvujaji kuwa aibu ya kufichwa: walitumia fedha na muda kuutengenezea njia ya kujitangaza.

Hoja hiyohiyo imo ndani ya bloku. Silinda ya injini kubwa huvikwa bomba la chuma linaloweza kubadilishwa, ambalo mafundi huliita slivu. Kuna slivu kavu, inayobanwa ndani ya ukuta wa bloku na isiyoguswa na maji, na kuna slivu ya maji, ambayo mgongo wake umezungukwa na maji yenyewe. Ya pili hupoza vizuri na hubadilishwa kwa urahisi kwenye gereji, ila huhitaji pete za mpira upande wa chini kuzuia maji yasianguke kwenye oili. AEC ilichukua njia ya slivu za maji katika injini zake za AV470 na AV590 za miaka ya 1950, na ikapata sifa nzuri ya wepesi pamoja na sifa mbaya ya gasketi na pete zilizoshindwa. Katikati ya miaka ya 1960 ikarudi kwenye slivu kavu katika injini za 505 na 691. Ni vyema kuona ilichofanya na ilichoacha kufanya. Ilikiri kwamba kiungo kimoja kilikuwa na kasoro, ikakihamisha, lakini haikumnyima fundi hedi ya kufungua wala slivu ya kung'oa. Kosa lilirekebishwa bila kuivunja kanuni.

Anayekarabati leo injini ya slivu za maji hukutana na busara hiyo mikononi mwake. Maji yakipungua bila tone kuonekana nje, hakurupukii kufungua hedi. Huacha injini ipoe kabisa, kwa kuwa mfuniko wa rejeta yenye moto umewaunguza wengi, kisha hupima kama maji yanakwenda kwenye silinda au kwenye oili. Akishuku pete za chini, hushusha sampu ya oili, akatia presha ndogo kwenye mzunguko wa maji na kutazama kwa taa ni slivu ipi inayolia. Akifungua hedi, jambo la kwanza ni kupima urefu wa slivu juu ya uso wa bloku. Slivu ya maji hutakiwa isimame juu ya bloku kwa kiasi kidogo mno, elfu chache za inchi, ili ukingo wake uing'ate gasketi pale penye moto. Ikiwa imedidimia, kwa sababu kitako chake kimeliwa na kutu au kimejaa uchafu, gasketi mpya itaungua kama ile ya kwanza, hata bolti zikazwe kwa ufundi gani. Ndiyo sababu gari hurudi gereji mara tatu kwa ugonjwa uleule: gasketi inalaumiwa, na kosa liko kwenye kitako. Mgongo wa slivu nao hukaguliwa. Mlipuko wa mafuta huitikisa slivu, vipovu huzaliwa na kupasuka kwenye maji yanayoizunguka, na kila kimoja huchonga chuma hadi vishimo vikatoboka. Maji matupu huongeza balaa hilo, na kipoozi chenye dawa ya kuzuia kutu hulipunguza sana. Gasketi za zamani zenye asbesto zisikwanguliwe kavu, maana vumbi lake huua polepole.

Sasa tufike kwenye jaribio lenyewe la kuviondoa viungo. Mwaka 1968 kampuni ya Leyland ya Uingereza ilitangaza injini za mfululizo wa 500, za lita 8.2, zilizosubiwa bloku na hedi kwa pamoja. Lengo lilikuwa na mantiki: injini za turbo zinaongeza shinikizo ndani ya silinda, gasketi ndiyo sehemu dhaifu, basi gasketi na iondolewe. Aina ya 510 ilifungwa kwenye Leyland National, basi lililoanza kutoka kiwanda cha Workington mwaka 1972 kwa ubia na shirika la taifa la mabasi la Uingereza, likikusudiwa kuwa basi la nchi nzima. Gasketi haikuungua tena, kwa kuwa haikuwapo. Lakini valvu hazikuacha kuchakaa kwa sababu tu hedi haifunguki. Kuzifikia kulimlazimu fundi aingilie chini, ashushe shafti kuu na pistoni, yaani aifumue injini nzima kwa kazi ambayo kwenye injini ya zamani ingemalizwa kwa kunyanyua hedi. Toleo la pili la basi hilo, National 2, lilipotoka mwaka 1979, injini ya 510 iliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na injini iliyotokana na O.680 ya Leyland yenyewe, mzao wa O.600 ya mwaka 1946, yenye hedi zinazofunguka. Rejeta nayo ilihamishwa kutoka nyuma hadi mbele. Baadhi ya kampuni zilizokuwa na National za kwanza ziling'oa 510 na kufunga injini za kampuni ya Gardner. Baada ya mapinduzi yote yale, basi la kisasa liliokolewa na gasketi ya babu yake.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Injini ya 500 ilikuwa na maradhi mengine, ya joto na ya moshi, na Leyland ya miaka ya 1970 ilikuwa katika misukosuko ya fedha na ya uongozi. Kwa nini lawama yote ibebeshwe hedi? Jibu ni kwamba hedi haikuyaleta maradhi hayo, bali iliyafanya yasitibike. Injini mpya karibu zote huzaliwa na kasoro, na O.600 nayo iliboreshwa hatua kwa hatua. Kinachotofautisha injini inayokomaa na inayokufa ni gharama ya kujifunza. Pale ambapo kila uchunguzi unataka injini ifumuliwe yote, gereji huchunguza mara chache, hujifunza polepole, na mwishowe hukata tamaa. Kasoro ndogo zilizokutana na injini isiyofunguka zikawa kasoro kubwa.

Afrika Mashariki inaipima hoja hii kwa ukali zaidi, maana huku magari yalifika bila Chiswick. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza Nairobi mwaka 1934 yakiwa 13 tu, na Dar es Salaam ilipata kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1949, ambayo baada ya kutaifishwa iligawanywa mwaka 1974 kuwa UDA kwa mji na KAMATA kwa safari za mikoani. Mazingira yalikuwa magumu kuliko ya London. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Nairobi, karibu mita 1,700 juu, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtu akipanda hadi mji wa milimani wa Timboroa huchemka kwenye 91. Mabasi mengi ya zamani hayakuwa na mfuniko wa presha wa kuongeza kiwango hicho, hivyo yalipanda milima yakiwa na akiba ndogo ya joto. Maji ya kujazia yalitoka mtoni au kisimani, yakiwa na chumvi na chokaa iliyoganda ndani ya mirija. Madumu ya maji aliyoyapanga utingo yalikuwa sehemu ya vifaa vya safari sawa na tairi la akiba.

Na bado mabasi hayo yalidumu kupita matarajio. Sababu mojawapo ni rejeta. Ya zamani ilikuwa ya shaba na shaba nyeupe, metali zinazokubali lehemu, kwa hiyo fundi mwenye kifaa cha kuchomelea na beseni la maji aliweza kuiziba, kuijaribu kwa upepo na kuirudisha kazini siku hiyohiyo. Miaka ya mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1980, Tanzania ilipokosa fedha za kigeni na spea zikaadimika, mabasi mengi ya umma yalilala bohari, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu daladala za watu binafsi. Yaliyoendelea kutembea yalitegemea mikono ya mafundi wa mitaani, wale ambao Kenya iliwaita jua kali, walioweza kuchonga bushi, kukata gasketi kwa mkono na kuunga rejeta. Ujuzi huo ulihitaji kitu kinachounganika. Rejeta za alumini zenye tangi la plastiki, zilizoenea baadaye, ni nyepesi na hupoza vizuri, lakini tangi likipasuka, lehemu haisaidii kitu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, kusifu injini inayovuja si kuyasahau mateso ya abiria aliyelala njiani kwenye mlima Kitonga? Injini za leo huvuja mara chache, na hilo ni jema lisilo na ubishi. Ila tuangalie jema hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye mpira bora wa pete, gasketi za tabaka za chuma, vipoozi vyenye dawa, na uchongaji sahihi wa nyuso. Hedi za dizeli kubwa za leo bado zinafungwa kwa bolti na bado zinafunguka, na wota pampu nyingi bado zina kitundu chake chini. Uvujaji ulipunguzwa kwa kukiimarisha kiungo, wala si kwa kukifuta. Abiria aliyekwama Kitonga aliponzwa na maji machafu, mpira uliopita umri wake na bohari isiyo na spea, mambo ambayo injini isiyofunguka isingeyaponya.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wanaotunza mabasi ya kale, kama yaliyomo kwenye makumbusho ya mabasi ya London huko Brooklands na kwa wamiliki binafsi: basi likitembea mara chache kwa mwaka, kwa nini lisitiwe dawa ya kuziba kwenye rejeta liendelee na maonyesho? Madereva wa nchi nyingi wamewahi kutumia hata ute wa yai au unga wa pilipili, na kwa safari ya kufika nyumbani si dhambi. Lakini dawa hiyo haina macho. Huganda penye ufa na huganda vilevile kwenye mirija myembamba ya rejeta, na ikifika kwenye kitundu cha wota pampu huweza kukiziba na kuizima habari iliyokusudiwa kutolewa. Basi la makumbusho lililozibwa hivyo limebaki na umbo la zamani na kupoteza kanuni yake, na kanuni ndiyo sehemu ya historia iliyo ngumu kuipata tena.

Karakana kuu za London zilifungwa katika miaka ya 1980, na AEC yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1979. Taasisi ilipoondoka, injini zilizobuniwa kwa ajili yake zilianza kuonekana dhaifu, na uvujaji uliokuwa ratiba ukawa ushahidi wa ubovu. Kosa hilo la kusoma historia lina gharama leo. Nairobi imeanza kuona mabasi ya umeme, ambayo mengi nayo hupoza betri zake kwa maji yanayozunguka kwenye mipira na pampu, na miji yetu itaendelea kununua magari yaliyobuniwa kwingine. Mkataba wa ununuzi usiishie kwenye bei na idadi ya viti. Udai kwamba kila kiungo cha mzunguko wa maji kifikike bila kulifumua gari zima, kwamba vipimo vya kukifunga vikabidhiwe kwa vyuo vyetu vya ufundi, na kwamba spea za viungo hivyo ziwe bohari kabla basi la kwanza halijabeba abiria. Muuzaji akijibu kwamba gari lake halivuji, aulizwe likivuja litafunguliwa na nani, wapi, na kwa saa ngapi. Asipokuwa na jibu, asipewe fedha.